Shauri Walilolichukua Wanawake

Cornel alikuwa mtu wa kesi. Si kwamba alikuwa nazo. Mpaka anatimiza miaka sitini na miwili hakuna aliyewahi kumshtaki hata kwa mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Alikuwa mtu wa kesi kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja aliandika kesi za wenzake. Karani wa mahakama ya mwanzo, asubuhi anaandika wizi wa kuku, mchana anaandika wizi wa mahindi, jioni anarudi nyumbani kujisomea wizi wa almasi. Ukimkuta barazani kwake pale Gendabi, kitabu kiko gotini, miwani imeshuka mpaka nchani mwa pua, midomo inachezacheza, pita taratibu. Kuna mtu anauawa humo.

Siku ya kustaafu, wastaafu wenzake waliondoka na godoro na redio. Yeye aliondoka na maboksi mawili ya riwaya za upelelezi, nyingi zimeshapoteza majalada, na daftari moja nene kama tofali. Humo daftarini aliweka kila alichokijua kuhusu uhalifu: maneno yake, mambo aliyoyakuta vitabuni, na mashauri ya zamani ya Mbulu na Hanang. Alimtenga mwizi na kibaka, kibaka na jambazi, jambazi na mnyang'anyi, kwa subira ya mtu anayechambua gunia la maharage yaliyochanganyika. Mkewe, Eufrasia, alikuwa akiwaambia watu kwamba mume wake anawafahamu wezi mpaka ukoo wao, na bado ameibiwa jembe mara tatu.

Kutokana na daftari hilo alitaka kuandika kitabu chake mwenyewe. Kichwani kilikuwa kimekamilika, isipokuwa sura moja, na sura hiyo ilimla.

Ilianzia stoo ya mahakama, mwaka wake wa mwisho kazini, alipoambiwa apange majalada yaliyochakaa. Chini kabisa alikuta rejista ya baraza la enzi za mkoloni, karatasi zimegeuka rangi ya tumbaku, mwandiko mzuri wa mtu aliyekuwa na muda. Shauri namba kumi na tisa, mwaka 1957. Mshtakiwa ni mwanaume wa Kibarbaig wa upande wa Gendabi, jina limeliwa na mchwa. Mahali pa kosa palikuwa patupu, hapakuandikwa kitu. Mahali pa hukumu palikuwa na mstari mmoja tu: Shauri limeondolewa barazani. Wanawake wamelichukua.

Cornel alikuwa amesoma riwaya zaidi ya mia mbili, na hakuwahi kukutana na mwandishi mwenye roho mbaya kiasi hicho, wa kukufungia kitabu ukurasa wa tatu. Mtu yule alifanya nini? Na wanawake walimfanya nini? Alilibeba swali hilo mpaka kwenye kustaafu. Yeye ni Mwiraqw, mzaliwa wa Tumati, lakini alijenga Gendabi, akasema ni kwa ajili ya udongo. Eufrasia alijua ni kwa ajili ya mwaka hamsini na saba.

Jirani yao alikuwa Gidahosh, Mbarbaig mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, ambaye ukoo wake umekaa hapo tangu zamani. Kwa miaka mitatu Cornel alimwendea kila Jumapili baada ya misa, mkononi kilo ya sukari. Gidahosh alimsimulia simba, alimsimulia ukame, alimsimulia wizi wa ng'ombe wa babu zake kwa namna ya mtu anayesimulia harusi. Ukimfikisha mwaka hamsini na saba alikuwa anatazama mifugo yake, anasafisha koo, anasema hilo ni refu, njoo tena. Cornel anakuja tena. Na kila akija anampita mama yake Gidahosh, kikongwe aliyezoea kukaa mlangoni kwake akisafisha vibuyu vya maziwa. Shikamoo bibi. Marahaba. Anampita, anaenda kukaa kwa mwanaume.

Kisha Januari akaja Raudha.

Mwalimu wa historia, kijana wa miaka ishirini na sita, amepangiwa sekondari ya kata kutoka Tanga, mtandio kichwani na sweta mbili mwilini kwa sababu ya baridi ya Hanang. Alisikia kuna mzee ana vitabu, akaja kuazima. Wiki ya kwanza Cornel alikuwa na furaha mpaka akampikia chai mwenyewe. Tangu aoe hajawahi kupata mtu wa kuzungumza naye habari za sumu. Wiki ya pili furaha ikaingia mchanga. Raudha alirudisha riwaya moja akasema kwa upole kwamba muuaji alimjua ukurasa wa arobaini, maana daktari hakuuliza maiti imekutwa chumba gani. Cornel alikuwa amekisoma kitabu hicho mara nne, na mara zote nne daktari alimshtua.

Wiki ya tatu walikuwa wanazungumza maneno. Raudha akamuuliza kama anajua neno jinai limetoka wapi.

"Kanuni ya Adhabu, sura ya kumi na sita," Cornel alisema.

"Kabla ya hapo, mzee. Kule kwenye Kiarabu asili yake ni kuchuma. Kama unavyochuma tunda mtini."

Miaka thelathini na mmoja Cornel amegonga muhuri juu ya neno hilo, mara ishirini kwa siku, na hakuna siku lilimfungulia mlango. Huyu amekuja na begi moja na tayari anaingia chumbani. Jioni alimwambia mkewe kwamba yule mtoto anajionyesha. Eufrasia alitaka kujua anajionyesha kwa nani, maana pale nyumbani alikuwepo yeye na jogoo, na jogoo hakuwa amelalamika.

Lakini hayo yote yalikuwa kuwashwa tu. Kidonda chenyewe kilikuja mwezi wa nne, siku ambayo Raudha aliingia uani karibu anakimbia.

"Mzee, lile shauri lako ulilonisimulia, la hamsini na saba," alisema kabla hajaketi. "Nimeambiwa."

Cornel alifunga kitabu bila kuweka alama. Akauliza ameambiwa na nani.

"Na bibi. Mama yake Mzee Gidahosh. Alikuwepo, mzee. Ndiyo kwanza alikuwa ameolewa. Ameona mwanzo mpaka mwisho."

"Ehe. Lilikuwa kosa gani?"

Raudha akatazama chini, na ile furaha ikamtoka usoni. "Hapo ndipo nimekuja kukuomba radhi. Nimeapa. Ni mambo ya wanawake, mwanaume haambiwi. Hata Mzee Gidahosh mwenyewe hajui."

Alieleza zaidi, lakini Cornel alisikia nusu. Kwamba tangu mwezi wa pili alikuwa akipita kwa bibi baada ya vipindi, anakaa naye chini, anamsaidia vibuyu. Kwamba hakuuliza kitu. Kwamba siku moja bibi alianza mwenyewe, na Belinda, mke wa Gidahosh, akawa anatafsiri. Cornel alikuwa bado amekwama pale nyuma, kwenye hata Mzee Gidahosh hajui. Alichukua kofia akaenda kwa jirani yake moja kwa moja, mikono mitupu, akamuuliza kama ni kweli. Gidahosh hakuona aibu. Alisema alichosema siku zote ni kwamba jambo hilo ni refu, hakusema analijua. Na sukari ilikuwa nzuri.

Wivu ulimwingia Cornel kama funza. Mwanzoni ni kuwasha kidogo, kukuna kwenyewe kuna raha. Kisha unaona unakanyaga kwa kisigino. Alianza kukaa upande wa baraza unaoelekea njia ya kwa Gidahosh, na kitabu mkononi ambacho hakigeuzwi ukurasa, na katika lile daftari lake, baada ya kurasa na kurasa za maneno yenye heshima, ukurasa mpya ukaanza: saa kumi na dakika tano, ameingia. Saa kumi na moja na nusu, ametoka, anatabasamu. Hilo la kutabasamu alilipigia mstari. Alijiambia ni yale maneno ya pwani yenye asali ndani, ndiyo yaliyomlainisha kikongwe. Eufrasia alimkumbusha kwamba yule bibi hana Kiswahili cha kutosha kununulia chumvi.

"Baba Kenneth," alimwambia, akimtazama kama anavyotazama ndama aliyegoma kunyonya, "ungekuwa unamwonea wivu mwanaume anayenitaka, ningejiona bado nipo. Wewe unamwonea mtoto wa watu, kisa amesimuliwa hadithi na bibi."

Alisema si wivu. Ni utaratibu. Ushahidi una utaratibu wake, na mtu aliyelifuatilia jambo tangu mwanzo ana haki yake. Eufrasia akaendelea kupepeta mbaazi.

Haki hiyo ndiyo iliyompeleka nyumba za walimu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Alikuwa amemwona Raudha na daftari dogo lililofunikwa karatasi ya kaki, haliachi, na aliamini kilichomo. Mtu anaweza kuapa asiseme, bado akaandika. Historia gani hiyo isiyoandikwa? Alifuata yote aliyofundishwa na riwaya mia mbili. Mwizi mwenye akili huja mchana. Hakimbii. Anasalimia watu kwa sauti, na ana sababu: alikuwa anafuata kitabu chake alichoazimisha. Mlango wa Raudha ulifungwa kwa waya tu. Na kwa ajili ya alama za vidole, Cornel alivaa soksi mikononi, soksi zake za kijivu za kanisani, katika kijiji ambacho watu waliwahi kuzifikiria alama za vidole siku moja tu, siku ya vitambulisho vya taifa. Daftari lilikuwa mezani, karibu na kikombe. Alilitia kwapani ndani ya koti, akatoka, akaenda kujificha nyuma ya shamba la alizeti.

Alilifungua bila kuvua soksi. Ukurasa wa katikati, kwa wino wa bluu, ulikuwa na kichwa cha habari: Shauri la mwaka 1957. Chini yake: Nimeapa. Siandiki. Basi. Zilizofuata zilikuwa kurasa nyeupe kama unga.

Hapo ndipo mtu mwingine angecheka, akarudisha. Muda ulikuwepo, Raudha alikuwa darasani mpaka saa nane. Na Cornel karibu arudishe, kwa sababu alipogeuza nyuma alikuta kurasa tatu zenye kichwa Kutoka kwa Mzee Cornel, maneno yake yote, kibaka na jambazi na wenzao, yameandikwa kwa mpangilio kuliko alivyoyaandika yeye. Kitu kikamlegea kifuani. Kisha akaona wino mwekundu. Mwivi, Raudha alikuwa ameandika: mzee anasema ni kosa la watu wasiosoma. Amekosea. Ni neno la zamani, lipo kwenye vitabu vya kale.

Amekosea. Alilisoma mara tatu. Daftari halikurudi mezani. Angeenda nalo nyumbani kwanza, afungue kamusi zake, aandike jibu pembeni kwa wino wa kijani, kisha ndiyo alirudishe. Alilitia tena kwapani, akashika njia.

Na njiani, amejiegemeza kwenye fimbo yake, anakuja mama yake Gidahosh.

Sasa, riwaya zilimfundisha Cornel jinsi ya kukwepa polisi, mbwa na mashahidi. Hakuna hata moja iliyomfundisha jinsi ya kumpita mtu mzima bila kumsalimia. Kichwa chake kilisema nyoosha mguu, jifanye hujaona. Mwili ulishasimama. Uliinama, ukatoa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaja wenyewe kuushika kiwiko, kama mama yake alivyomzoesha Tumati kabla hajajua kusoma. Shikamoo bibi. Na daftari, lililokuwa limebanwa na mkono huo huo wa kushoto, likateleza ndani ya koti, likatokea chini ya pindo la koti, likaanguka kati yao.

Bibi aliitikia marahaba. Alilitazama daftari. Kisha akatazama kile alichokuwa amekishika mkononi mwake, ambacho kilikuwa soksi.

"Mkono yako naumwa?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Cornel alisema ni baridi. Jua lilikuwa linachoma.

"Hii ya mwalimu."

Alisema mwalimu amemtuma.

"Mwalimu iko darasa," bibi alisema. Aliinama taratibu, hakukubali kusaidiwa, akaliokota daftari akalifunga ndani ya shuka lake. Kisha, kwa kuwa salamu ilikuwa bado haijaisha, akaendelea nayo. Aliuliza habari za Eufrasia. Aliuliza ng'ombe, ndama, maharage. Aliuliza kama Tumati mvua imenyesha. Cornel alijibu yote, moja baada ya jingine, amesimama na soksi zake.

Siku tatu hakuna aliyesema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kukamatwa. Raudha hakuja kuazima kitabu. Gidahosh alipokutana na Cornel kisimani alimtazama kwa huruma, kisha akaona ng'ombe wake wanahitaji kupelekwa mbali. Cornel alijiandalia utetezi wa aina tano, akauandika. Ijumaa asubuhi wakaja.

Walikuwa wanawake zaidi ya arobaini, wengine na mavazi yao ya ngozi na shanga, wengine na vitenge na sweta za mitumba, kila mmoja na fimbo, wanaimba kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Kwa Wabarbaig, mwanaume akiwakosea wanawake, wanawake hukaa wakamhukumu wenyewe, na siku hiyo wanaume wa pale wote hukumbuka wana kazi upande wa pili wa kilima. Walisimama nje ya ua. Cornel alimtazama mkewe ili wauone ulimwengu kwa jicho moja kama wanandoa. Eufrasia alivua aproni, akachukua fimbo ya kupigia alizeti, akatoka nje akasimama nao. Hakuwa Mbarbaig. Walimpisha nafasi.

Walimkalisha chini peke yake, kwenye mteremko uliokauka, wao juu yake. Belinda alisimama katikati kutafsiri. Cornel alitoa karatasi yake akaanza na pingamizi la awali, kwamba baraza hili kisheria halina mamlaka ya kusikiliza shauri la aina hii, na kwamba yeye kama mtumishi mstaafu... Belinda alimsikiliza kikongwe, akamgeukia.

"Mama anasema uache kusoma."

Akaikunja karatasi. Raudha alisimama, macho mekundu, akasema lile ni daftari tu, limenunuliwa dukani, na yeye mwenyewe amekwisha kusamehe. Walimsikiliza kwa heshima kisha wakamwambia akae. Hilo halikuwa lake kusamehe. Yeye alipewa kitu mkononi na wanawake, na mwanaume amekuja kuuchunguza mkono huo ndani ya nyumba ya mwanamke, mwenyewe hayupo. Kama alikuta kitu au hakukuta, hilo ni bahati yake, mkono wake ameshaupeleka.

Kisha wakataka aseme alichofanya, kwa mdomo wake.

"Mnamo siku ya Jumanne, majira ya saa nne asubuhi," Cornel alianza, "mtuhumiwa aliingia..."

"Wanauliza mtuhumiwa ni nani."

"Ni mimi."

"Basi sema mimi."

Alisema mimi. Niliingia, nikachukua, nikaenda nalo kwenye alizeti. Ilikuwa fupi ajabu. Kesi ya namna hiyo yeye angeijaza kurasa sita. Wakauliza kwa nini. Aliperuzi kichwani sababu zote alizowahi kuzisoma, urithi, kisasi, mapenzi, mtu kutishiwa siri yake, na hakuna iliyomtosha. Eufrasia alikuwa amesimama mstari wa pili, fimbo begani, anamtazama.

"Niliona wivu," alisema.

Belinda alitafsiri, na kwa sababu fulani tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno yenyewe, na wanawake wakacheka. Cornel alisubiri wamalize. Hakuwa amepanga kuendelea, lakini mdomo ulishafunguka.

"Miaka thelathini na mmoja nimeandika habari za watu. Wananiambia kwa sababu hakimu amewaamuru. Hakuna hata siku moja mtu aliniita, akaniambia kaa hapa nikuambie. Huyu amekaa miezi minne, ameambiwa. Na mimi nilipita hapo hapo mlangoni, kila Jumapili."

Hilo Belinda alilitafsiri taratibu, na hawakucheka. Kikongwe alisema maneno machache, na Belinda akayaleta: kwamba ni kweli alikuwa anapita, na alikuwa anasalimia vizuri. Kisha wakageukiana wakazungumza kwa lugha yao, wakakubaliana, na hukumu ikatoka. Dume jeusi.

Cornel alikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia. Mwekundu alimpa jina la Karani kwa sababu anafanya kazi yote. Mweusi alimpa jina la Hakimu kwa sababu anapenda kulala. Wanawake wote wa Gendabi walimjua Hakimu. Kabla ya mchana walikuwa wamemfungua zizini wakaondoka naye, na yeye, bila kuelewa jambo hata moja, akaenda nao kwa hatua zake za heshima.

Raudha alibaki nyuma kidogo.

"Mwivi ni sahihi," Cornel alimwambia. "Nimeliangalia. Lipo."

Raudha alisema asante, mzee. Alikuwa anataka kusema mengine, lakini wanawake walimwita kutoka mbele, kwa jina walilompa wenyewe, jina la Kibarbaig ambalo Cornel hakuwahi kulisikia, na akakimbia kuwafuata. Cornel alimtazama mpaka alipopotea. Dume limekwenda, aibu imekwisha kumwagika, kijiji kizima kimeijua habari yake, na bado, ukimgusa pale kifuani, panauma palepale.

Nyama hiyo ililiwa na wanawake peke yao, huko huko, mpaka jioni. Eufrasia alirudi jua likiwa bado kidogo juu ya mlima, ananukia mafuta, anatembea kama mtu aliyeshiba kwa njia zaidi ya moja. Alikuta moto umewashwa na sufuria ya uji ipo jikoni. Cornel alikaa kwenye kigoda, akamuuliza kama nyama ilikuwa laini. Ilikuwa laini. Akauliza kama watu walikuwa wengi. Walikuwa wengi, na wasichana waliletwa pia, wale walioolewa mwaka huu.

"Mama Kenneth."

"Abee."

"Na hao wasichana walioletwa. Bibi aliwasimulia?"

"Aliwasimulia."

"La hamsini na saba."

"Ndilo."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa nimekaa karibu kabisa. Belinda alinitafsiria sikioni."

Cornel alihesabu haraka haraka. Mpaka asubuhi, katika Gendabi nzima, mtu wa kumwonea wivu alikuwa mmoja, na alikuwa anakaa nyumba za walimu. Sasa walikuwa zaidi ya arobaini, na mmoja wao analala upande wa ukutani, chini ya blanketi lake mwenyewe. Aliuliza kama na yeye ameapa. Eufrasia alisema wote waliapa. Alikoroga sufuria. Kisha, akiwa anatazama ndani ya uji kana kwamba jambo limeandikwa humo, akaanza kucheka peke yake, polepole, mpaka ikabidi afute macho kwa pindo la kitenge.

"Kuna sehemu ya kuchekesha?" Cornel aliuliza.

"Ipo."

"Mwanzoni au mwishoni?"

Eufrasia akachochea moto. Cornel alisimama. Alizunguka jikoni, akaokota vyombo vya mchana vilivyokuwa chini akavipanga, akapangua, akavipanga tena. Mwishowe alichukua dumu moja la maji mlangoni aende kisimani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mtoto wao Kenneth alipozaliwa, na Kenneth sasa ni mtu mzima yuko Babati. Alifika mpaka kizingitini, akageuka.

"Nataka neno moja tu. Yule mtu alikuwa ameua?"

"Beba na lile la pili," alisema Eufrasia.